Azagaia na Umma wa Msumbiji



Jumanne tarehe 14 Machi, 2023, mjini Maputo, jeneza la mwanamuziki mmoja lilitolewa katika jumba la Halmashauri ya Jiji na kusindikizwa na maelfu ya watu waliokuwa wakitembea kwa miguu. Njiani msafara huo ulikuta barabara imefungwa kwa magari ya deraya na askari wa kutuliza ghasia, kwa kuwa waombolezaji walitaka kupita karibu na makao ya Rais. Mabomu ya machozi yakafyatuliwa mazishini. Aliyekuwa akizikwa hakuwa jemadari wala waziri. Alikuwa kijana wa miaka 38, jina lake Edson da Luz, aliyefahamika kwa umma kama Azagaia, na kazi yake ilikuwa kuimba muziki wa kufokafoka.

Si kawaida mwimbaji kuzikwa chini ya ulinzi wa namna hiyo. Kwa hiyo yafaa kuuliza ni jambo gani lililowafanya wananchi wa nchi hiyo jirani wampende kiasi hicho.

Azagaia alizaliwa tarehe 6 Mei, 1984, huko Namaacha, katika jimbo la Maputo, kwa mama wa Msumbiji na baba kutoka Cape Verde. Nchi yake ilikuwa haijatimiza hata miaka tisa tangu ipate uhuru, na ilikuwa vitani. Azagaia, kwa lugha ya Kireno, ni mkuki mfupi wa kurusha. Alianza katika kundi la vijana wawili lililoitwa Dinastia Bantu, kisha mwaka 2007 akatoa santuri yake mwenyewe, Babalaze, yaani ile hali anayoamka nayo mtu aliyelewa jana yake. Jina hilo peke yake lilikuwa hoja. Ulevi uliokusudiwa ni ule wa shangwe na ahadi, na asubuhi yake ni maisha ya mwananchi wa kawaida katika vitongoji vya Maputo.

Katika nyimbo za wakati huo, mmoja uliwashtua wengi. Uliitwa As Mentiras da Verdade, maana yake Uongo wa Ukweli. Humo aliyauliza hadharani maswali ambayo watu walizoea kunong'onezana: ndege ya Rais Samora Machel iliangukaje kule Mbuzini tarehe 19 Oktoba, 1986, nani hasa waliotaka mwandishi wa habari Carlos Cardoso auawe mwaka 2000, na nani waliohusika na kifo cha Siba-Siba Macuácua, yule mtaalamu aliyekuwa akichunguza mikopo isiyolipwa ya benki, aliyekufa mwaka 2001. Hakudai kuwa na majibu. Alitaja majina na kuuliza. Mtu aliyemsikia kwa mara ya kwanza alisikia shaka yake mwenyewe ikisemwa kwa sauti kubwa, kwa lugha ya shule na ofisi, bila mafumbo.

Mwaka uliofuata likaja jambo la nauli. Tarehe 5 Februari, 2008, nauli za vile vibasi vya Maputo viitwavyo chapa zilipandishwa, na wakazi wa vitongoji wakafunga barabara kwa matairi ya moto. Polisi walitumia risasi, na watu kadhaa walipoteza maisha. Serikali ililazimika kurudisha nauli za zamani na kutafuta njia ya kuwafidia wenye magari gharama ya mafuta. Kabla vumbi halijatulia vizuri, Azagaia alitoa wimbo Povo no Poder, yaani Umma Madarakani. Kwa sababu ya wimbo huo aliitwa katika ofisi ya Mwendesha Mashtaka Mkuu mwaka huo huo, akahojiwa juu ya tuhuma ya kuhatarisha usalama wa taifa. Hakufikishwa mahakamani. Lakini tangu siku ile kila kijana alitaka kuusikia wimbo ambao dola imeuogopa.

Hapo pana kinaya ambacho wasikilizaji wenye umri mkubwa watakiona mara moja. Maneno ya umma kushika madaraka hayakuletwa Msumbiji na vijana wa kufokafoka. Yalikuwa maneno ya FRELIMO yenyewe, chama kilichoundwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni, 1962, na ambacho wapiganaji wake walifunzwa Kongwa na Nachingwea. Wapiganaji hao walivuka Ruvuma wakiimba. Azagaia aliliokota neno la wazee wake na kuwauliza wamelifanyia nini. Yawezekana hilo ndilo lililowakera zaidi kuliko tusi lolote, maana tusi hukanushwa kwa urahisi, na neno la mtu mwenyewe halikanushiki.

Nguvu ya wimbo askari haelezwi. Tangu mchakamchaka wa kwanza kuruta hujua kwamba mguu uliochoka huinuliwa na koo la mwenzake.

Sababu nyingine ya kupendwa kwake ni kwamba alijitegemea. Wapo wanamuziki, na si Msumbiji pekee, ambao wakati wa kampeni hupanda jukwaani kumsifu anayelipa. Azagaia alirekodi na kampuni ndogo ya vijana wenzake, na nyimbo zake kali hazikupewa nafasi katika vyombo vya habari vya serikali. Zilipita mkono kwa mkono, katika simu na katika chapa zile zile zilizoimbwa. Santuri yake ya pili, Cubaliwa, ilitoka mwaka 2013, na ndani yake mna wimbo ambao polisi wa Msumbiji hawakuhitaji kufafanuliwa: Muziki wa Kuingilia Kati Haraka. Jina hilo lilichezea jina la kikosi chao cha kutuliza ghasia, Força de Intervenção Rápida.

Hakuwa malaika, na mashabiki wake hawakumhitaji awe malaika. Mwaka 2011 aliwekwa kizuizini kwa tuhuma ya kupatikana na bangi, na hilo halikumwondolea watu. Mwaka 2014 alipogunduliwa kuwa na uvimbe katika ubongo, alijitokeza waziwazi kusema kwamba hana fedha za matibabu. Wananchi walichanga, akapelekwa India, akafanyiwa upasuaji na kurudi. Kwa watu waliozoea kuwaona wakubwa wakitibiwa ng'ambo kwa gharama za serikali, mtu aliyepelekwa ng'ambo kwa senti zao wenyewe alikuwa wao kweli kweli. Alifariki nyumbani kwake tarehe 9 Machi, 2023, baada ya kushikwa na kifafa.

Siku nne baada ya mazishi, tarehe 18 Machi, vijana waliandaa maandamano ya kumkumbuka katika miji mbalimbali. Katiba ya Msumbiji inatambua haki ya kukusanyika na kuandamana, na waandaaji walikuwa wametoa taarifa kwa mamlaka. Hata hivyo huko Maputo na miji mingine walipokelewa kwa mabomu ya machozi na risasi za mpira. Wengi walikamatwa, na wako walioumizwa vibaya. Mmoja alipoteza jicho. Uongozi wa polisi ulieleza baadaye kwamba kulikuwa na dalili za vurugu. Maelezo hayo hayakuwaridhisha watetezi wa haki za binadamu, wala hayawezi kumridhisha ofisa yeyote anayejua kazi yake, kwa kuwa maandamano ya maombolezo yaliyotolewa taarifa ni shughuli ya kusindikizwa. Askari mwenye ngao aliwekwa mahali ambapo trafiki wachache wangetosha. Na picha za siku ile ziliufanya wimbo wa miaka 15 iliyopita kuwa mpya.

Gharama yake ilionekana baadaye. Baada ya uchaguzi wa tarehe 9 Oktoba, 2024, ambao matokeo yake yalipingwa na mgombea Venâncio Mondlane, ghasia zilienea nchini kwa miezi kadhaa. Asasi za raia za huko zilihesabu zaidi ya watu 300 waliouawa, na polisi nao walipoteza wenzao. Mitaani, kutoka Maputo hadi Nampula, waandamanaji waliimba Povo no Poder. Kijana aliyepiga kura kwa mara ya kwanza mwaka ule alikuwa na umri wa miaka miwili wimbo huo ulipotoka, na huenda konstebo aliyesimama mbele yake na ngao naye aliujua tangu utotoni.