Ukishushwa, Cheza!

(Mazungumzo na wanafunzi wa sekondari, wilaya za Tarime na Serengeti)

Najua mmezoea kwamba dada wa afya akija anakuja na malaria, UKIMWI na kunawa mikono. Leo nimekuja na mpira wa kikapu. Msihofu, afya imo humo humo.

Nani hapa anamjua Hasheem Thabeet? Kuna shule moja niliuliza swali hilihili, kijana wa kidato cha tatu akasimama akasema, "Yule mrefu aliyekwenda Marekani akashindwa." Darasa zima likacheka, nami nikacheka. Lakini usiku ule neno "akashindwa" lilikataa kunitoka kichwani. Hebu tulichunguze pamoja.

Thabeet alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1987. Baba yake alifariki yeye akiwa bado kijana. Mpira wa kikapu alianza kuucheza akiwa na miaka kama 15, yaani umri wa wengi wenu hapa. Alikwenda kumalizia sekondari Houston, Marekani, na mwaka 2006 akaingia Chuo Kikuu cha Connecticut. Kwa urefu wake wa sentimita 221, kazi yake kubwa ilikuwa kuzuia mipira ya wapinzani isifike kikapuni. Mwaka 2008 na 2009 alitajwa mchezaji bora wa ulinzi katika ligi ya vyuo inayoitwa Big East.

Juni 2009 timu za NBA, ligi kubwa kuliko zote duniani, zilikaa kuchagua wachezaji wapya. Thabeet alichukuliwa na Memphis Grizzlies akiwa wa pili kati ya wote. Stephen Curry, ambaye leo dunia nzima inamjua, siku ile alichaguliwa wa saba! Thabeet akawa Mtanzania wa kwanza kucheza NBA.

Sasa sikilizeni. Februari 2010, miezi minane tu baadaye, Memphis wakamshusha. Walimpeleka timu ya Dakota Wizards, kaskazini kabisa kwenye theluji, katika ligi ndogo iliyoitwa D-League. Wakati huo hapakuwa na mchezaji aliyewahi kuchaguliwa juu kiasi kile halafu akapelekwa huko. Magazeti yaliandika, watu wakacheka.

Kwa nini walimshusha? Fikiri hivi. Wenzake wengi walikuwa wamecheza tangu wakiwa watoto wadogo. Yeye alikuwa mkubwa wa kimo lakini mchanga wa mchezo. Kule Memphis alikuwa anakaa benchi, na benchi halimfundishi mtu. Ligi ndogo ilianzishwa mwaka 2001 kwa kazi hiyo: mchezaji akapate dakika nyingi uwanjani, akosee, arudie, ajifunze. Tena mchezaji wa NBA akipelekwa huko kwa muda, mshahara wake wa NBA unaendelea. Kwa hiyo haikuwa jela. Ni kama daktari kukuandikia dawa chungu. Akaenda, akacheza, na kabla msimu haujaisha akarudishwa Memphis.

Je, baada ya hapo mambo yakanyooka? Hapana. Sitaki kuwadanganya. Alihamishiwa Houston, akashushwa tena. Akaenda Portland, kisha Oklahoma City. Kwa jumla alicheza misimu mitano na mechi zaidi ya 200 za NBA, mara nyingi akiingia kwa dakika chache. Mwaka 2014 mlango wa NBA ukafungwa. Akaenda Grand Rapids Drive, ligi ndogo tena, safari hii bila mkataba wa NBA nyuma yake. Halafu kati ya 2015 na 2017 hakuwa na timu. Miaka miwili, jamani!

Wengi wangesema basi. Yeye mwaka 2017 akaenda Japani, timu ya Yokohama B-Corsairs. Msimu wa 2019–20, akiwa na miaka 32, akarudi ligi ndogo ya Marekani, ambayo sasa inaitwa G League, katika timu ya Fort Wayne Mad Ants. Humo alikutana na vijana aliowazidi miaka kumi. Mshahara wa kawaida wa ligi hiyo msimu ule ulikuwa dola 35,000, wakati mchezaji mpya kabisa wa NBA hakupata chini ya dola 890,000 hivi. Mtu aliyewahi kuwa wa pili kati ya wote alikubali kuanza tena chini. Baada ya hapo akaenda kucheza Taiwan.

Sasa nirudi kwa yule kijana wangu. Mtu aliyecheza kikapu cha kulipwa katika nchi tatu, akashushwa na akarudi uwanjani kila mara, ameshindwa? Mimi nasema huyo ndiye mchezaji wa kulipwa hasa. Wale tunaowaona kwenye picha ni wachache sana. Wengi wanaishi hivi: mkataba mfupi, begi mkononi, mji mgeni, na mwili ambao lazima uwe tayari simu ikilia.

Kwa nini nawaambia haya hapa Mara? Kwa sababu nanyi mnashushwa. Hukuchaguliwa timu ya wilaya ya UMISSETA. Umefeli mtihani wa kidato cha pili, unatakiwa kukariri darasa. Ni aibu, najua. Lakini nimeona kwamba kinachoharibu maisha si ile siku ya kushushwa. Ni wiki inayofuata.

Wiki hiyo kijana anaambiwa, "Mura, achana na shule, twende Nyamongo tukaokote mawe ya dhahabu." Wiki hiyo gongo na bangi vinaonekana kama marafiki. Na kwa msichana ni mbaya zaidi. Matokeo yakitoka mabaya, nyumbani wengine wanaanza kuhesabu ng'ombe. "Si umefeli? Basi, utahiriwe, uolewe." Kama vile kufeli karatasi moja kumefuta haki yako juu ya mwili wako!

Sikia, mdogo wangu. Kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18 ni kosa tangu sheria ya mwaka 1998. Kumwoa mwanafunzi ni kosa ambalo tangu 2016 adhabu yake inafika kifungo cha miaka 30. Kidonda cha kukeketwa kinaweza kukuletea damu nyingi, maambukizi, na shida wakati wa kujifungua. Ukiona dalili nyumbani, usingoje Desemba. Mwambie mwalimu unayemwamini, nenda dawati la jinsia na watoto kituo cha polisi, au piga 116, bure. Nyumba salama zipo, Masanga kwa upande wa Tarime na Mugumu kwa upande wa Serengeti. Na kama ulishaacha shule, hata kwa sababu ya mimba, tangu Novemba 2021 serikali imefungua mlango wa kurudi.

Na wavulana, msikae kimya kama hili haliwahusu. Huyo ni dada yako, na anayehesabu ng'ombe pengine anahesabu za mahari yako.

Jambo la mwisho ni mwili wenyewe. Mwili ni jembe. Jembe likiachwa mvuani miaka miwili, siku ya kulima halifai. Ukiwa huna timu, kimbia asubuhi. Lala saa nane au tisa, maana misuli na akili hujijenga usingizini. Kifundo cha mguu kikiteguka, pumzika, usicheze juu ya maumivu ili uonekane dume. Na huzuni ikikaa zaidi ya wiki mbili, huli vizuri, hulali, hutaki hata marafiki, huo si uvivu. Ni suala la afya, kama homa. Njoo kituo cha afya tuzungumze.

Sasa kila mmoja afikirie mara ya mwisho aliposhushwa. Ulifanya nini wiki iliyofuata? Mweleze jirani yako, kwa sauti ndogo. Nawapa dakika tano.