Sababu za Kulazwa Hospitalini Huanzia Nyumbani

(Hotuba ya mkaguzi wa vyama vya ushirika kwa wajumbe wa vyama vya msingi, Kharumwa)



Mmezoea kunisikia nikizungumza juu ya vitabu vya hesabu, stakabadhi na mizani. Leo nimeombwa nizungumze juu ya maradhi yanayowalaza watu wetu hospitalini. Mimi si daktari, wala sitathubutu kumfundisha daktari kazi yake. Lakini kazi ya ukaguzi imenifunza jambo moja linalofaa hapa. Upungufu wa fedha huonekana siku ya ukaguzi, lakini hauanzi siku hiyo. Ulianza siku karani alipotoa fedha bila hati na kamati ikanyamaza. Mgonjwa naye ni hivyo hivyo. Analazwa leo, lakini safari yake ya kukifikia kitanda kile ilianza siku nyingi nyuma.

Tukiuliza ni maradhi gani yanayojaza wodi za watoto katika nchi yetu, jibu si la siri: malaria, upungufu wa damu, nimonia na kuhara. Kwa watu wazima kuna malaria pia, matatizo ya uzazi, ajali, kifua kikuu, UKIMWI, na siku hizi presha na kisukari.

Tuanze na malaria, maana hiyo ni jirani yetu wa karibu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2017 ulionyesha kwamba katika nchi nzima, kati ya watoto 100 wa chini ya miaka mitano, 7 walikutwa na vijidudu vya malaria. Katika Mkoa wetu wa Geita walikuwa 17. Vijidudu hivyo huingia katika chembe nyekundu za damu na kuzipasua. Kwa hiyo mtoto asiyetibiwa mapema hupata ugonjwa wa pili juu ya ule wa kwanza: damu yake hupungua, na hapo ndipo hulazimu kulazwa na kuongezewa damu.

Ndugu wanachama, haya siyasemi kwa kuyasoma tu. Mwaka 2011 binti yangu wa kwanza alikuwa na umri wa miaka mitatu. Ulikuwa msimu wa kununua pamba, nami nilikuwa safarini nikikagua vyama. Mama yake aliniletea habari kwamba mtoto ana homa. Nikamjibu anunue vidonge dukani, nikirudi tutaona. Siku ya pili homa ikashuka, vidonge vilivyosalia vikafungwa katika karatasi vije kusaidia siku nyingine. Siku ya nne mtoto akashikwa na degedege. Nilikuwa nimekwisha rudi. Wazee wakasema degedege haipelekwi hospitali, sindano itamwua. Nami, msomi wa sekondari, nikawasikiliza. Tukapoteza usiku mzima.

Tulipofika hospitali viganja vyake vilikuwa vyeupe kama pamba. Ikatakiwa damu mara moja. Damu yangu haikulingana na yake, na ndugu zangu wawili waliogopa kutoa. Aliyetoa alikuwa karani wa chama kimoja cha msingi, ambaye wiki ile ile nilikuwa nimemwandikia hoja tatu za ukaguzi. Binti yangu yu hai, na amemaliza kidato cha nne. Katika daftari la hospitali iliandikwa: malaria kali na upungufu wa damu. Ni kweli. Lakini kama ningeandika mimi hoja ya ukaguzi juu ya jambo lile, ningeandika: baba alikawia.

Kwa hiyo tukumbuke. Mtoto mwenye homa apimwe siku hiyo hiyo. Akipewa dawa ya mseto, ambayo nchi yetu ilianza kuitumia mwaka 2006, ameze dozi zote sita kwa siku tatu, hata kama anacheza siku ya pili. Mtoto anayepumua kwa haraka, au ambaye kifua chini ya mbavu kinabonyea anapovuta pumzi, huenda ana nimonia, naye hangoji asubuhi. Mtoto anayehara apewe maji ya chumvichumvi tangu choo cha kwanza, aendelee kunyonya na kula. Akilegea, macho yakizama, apelekwe upesi. Mdharau mwiba, mguu huota tende.

Sasa niseme juu ya jambo linalotoka moja kwa moja katika maghala yetu. Sumu ya pamba hugawiwa na vyama vyetu. Nimeona kwa macho yangu mwanachama akigawana sumu na jirani kwa kuimimina katika chupa ya soda, kisha chupa ikawekwa chini ya kitanda. Mtoto hajui kusoma, na chupa ya soda aijua kuwa ni kitu kitamu. Mtu akinywa sumu, msimlazimishe kutapika; mpelekeni hospitali pamoja na chupa yenye lebo, ili daktari ajue ni sumu gani. Ikimwagikia mwilini, avuliwe nguo na kuoshwa kwa maji mengi na sabuni.

Wengi wenu pia mna vijana katika maduara ya dhahabu. Duara likiporomoka, kila mtu huona na kupiga yowe. Lakini vumbi la mawe yanayosagwa kwenye krasha huua polepole, bila yowe. Huharibu mapafu, na mapafu yaliyoharibika ni shamba zuri la kifua kikuu. Kijana aliyekohoa kwa wiki mbili apimwe makohozi. Vipimo na dawa za kifua kikuu hutolewa bila malipo.

Na sisi wenye umri wa kati tusijidanganye. Utafiti uliofanywa katika Hospitali ya Bugando, Mwanza, kati ya mwaka 2009 na 2011, ulionyesha kwamba presha na magonjwa yatokanayo nayo ni miongoni mwa sababu kubwa za vifo katika wodi za watu wazima. Presha haiumi. Wengi huijua siku wanapobebwa wamepooza upande mmoja.

Ndugu wanachama, kwa miaka mingi mgonjwa wetu aliyepewa rufaa ya kwenda Bugando kwa njia ya Sengerema alikuwa hana budi kungoja kivuko pale Busisi. Mwezi Juni 2025 Daraja la J.P. Magufuli lilifunguliwa, na kungoja kule kumekwisha. Tushukuru. Lakini hakuna daraja litakalofupisha siku nne ambazo baba amezipoteza nyumbani. Hizo ni juu yetu wenyewe.

Mtauliza, chama cha ushirika kina kazi gani hapa? Nakijua chama kwa vitabu vyake, nami naona kazi tatu.

Kwanza, sumu itolewe ghalani katika chupa yake yenye lebo tu, na katika daftari iandikwe nani amechukua kiasi gani. Chupa tupu zirudishwe chamani.

Pili, kila chama kiwe na orodha ya wanachama walio tayari kutoa damu. Mwanamume mzima mwenye afya aweza kutoa kila baada ya miezi mitatu, na mwanamke kila baada ya miezi minne. Wasingoje kuitwa na mtoto anayekata roho.

Tatu, mkutano mkuu uidhinishe mfuko mdogo wa usafiri wa dharura, ili mama anayetokwa na damu wakati wa kujifungua asikae akingoja bei ya pikipiki. Mwaka 1996 wenzetu wa Igunga, wilaya ya pamba kama yetu, walikuwa wa kwanza nchini kuujaribu Mfuko wa Afya ya Jamii, ambamo kaya huchangia kabla ya kuugua. Mwaka 2023 nchi ilitunga Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Maana yake ni ile ile. Mkulima hupata fedha mara moja kwa mwaka, lakini ugonjwa haungoji msimu. Mfuko huo nitaukagua kama mifuko mingine, na hati nitazidai.

Wazee mliopo hapa mnaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vijitabu, kisha wakachimba vyoo na kufyeka vichaka. Hawakuwa madaktari. Walikuwa wanavijiji waliokubaliana jambo moja, wakalitenda kwa pamoja.

Nitakapokuja kukagua msimu ujao, pamoja na daftari la mizani na la fedha, nitaomba nionyeshwe daftari la sumu na orodha ya watoa damu. Jina langu liandikeni la kwanza katika orodha hiyo. Deni la karani yule bado sijalimaliza.