Dawa Ivukayo Mpaka: Kwa Nini Mwaka Huu Tunaomba Fedha, Hatuombi Masanduku

(Hotuba ya kamati ya fedha katika mkutano wetu wa mwaka)

 

Sisi wa kamati ya fedha mmezoea kutusikia tukisoma mapato na matumizi. Taarifa hiyo mnayo mikononi, na maswali yake tutayajibu mchana. Asubuhi hii tumeomba dakika chache tuzungumze kuhusu dawa. Katika mkutano uliopita tulikubaliana kukusanya dawa za kupeleka kwenye zahanati yetu kule milimani Same. Dawa hizo hazikwenda. Wengi mmetuuliza kwa nini, na wengine mmetuuliza kwa ukali. Mlikuwa na haki, na leo tumekuja kujibu.

Tuanze na shangazi yetu mmoja, ambaye ameturuhusu tuyaseme yaliyompata.

Shangazi alikuwa akiishi Maryland. Kwa miaka kadhaa alipokea dawa yake ya presha kwa posta kutoka famasi ya hukohuko. Baadaye akahamia Texas kuishi na binti yake. Alipotoa anwani mpya, famasi ikamwambia haiwezi tena kumtumia dawa. Cheti cha daktari kilikuwa bado hakijaisha muda, na dawa ilikuwa ileile. Akatupigia simu kwa uchungu: "Wanangu, wamenikatia dawa kwa sababu nimehama. Kwani hii nchi si moja?"

Nchi ni moja, lakini kwa upande wa famasi kila jimbo lina mlango wake na bawabu wake. Dawa yenyewe hupewa idhini na mamlaka ya taifa zima, FDA. Famasi na mfamasia wako chini ya bodi ya famasi ya jimbo. Famasi iliyo jimbo moja ikitaka kumpelekea dawa mgonjwa aliye jimbo jingine, karibu kila jimbo huitaka kwanza ijiandikishe kule mgonjwa anakoishi, kama famasi ya nje. Texas huiita leseni hiyo Daraja E. California inayo sheria yake, na masharti yake yanafaa kusikika hapa. Famasi ya nje lazima itaje mahali ilipo, viongozi wake wakuu, na wafamasia wanaotoa dawa kwa wakazi wa California. Lazima iwe na simu isiyomgharimu mgonjwa, siku zisizopungua sita kwa wiki na saa zisizopungua 40, na upande wa pili awepo mfamasia mwenye kumbukumbu za mgonjwa huyo. Namba hiyo ibandikwe kwenye kila kopo la dawa.

Baadhi yetu kazi yetu ya kila siku ni kutunza hesabu za biashara za aina hii. Tunaiona orodha ya leseni, jimbo kwa jimbo, kila moja na ada yake na tarehe yake ya kuhuishwa. Leseni moja ikiisha muda, mizigo ya kwenda jimbo hilo husimama, na kampuni za bima huweza kukataa kulipa. Zamani hata sisi tuliziona ada hizo kama ushuru wa barabarani: unalipa ili upite, basi. Tulibadili mawazo tulipojifunza yaliyotokea mwaka 2012.

Mwaka huo famasi moja ya Framingham, katika jimbo la Massachusetts, iitwayo New England Compounding Center, ilikuwa ikichanganya yenyewe dawa ya sindano ya kutuliza maumivu ya mgongo na kuipeleka kwenye kliniki za majimbo mengi. Famasi ya namna hiyo ilitakiwa imtengenezee dawa mgonjwa mmoja mmoja, kwa cheti chenye jina lake. Yenyewe ilitengeneza kwa wingi kama kiwanda, na baadhi ya majina yaliyoandikwa kwenye maagizo yalikuwa ya kubuni. Dawa hiyo ilikuwa imeingia kuvu. Watu zaidi ya 750 katika majimbo 20 waliugua, wengi wao homa ya uti wa mgongo, na zaidi ya 60 walifariki. Mwaka 2013 Bunge la Marekani likatunga sheria mpya juu ya famasi zinazochanganya dawa.

Ndugu zetu, ile famasi haikuwa ya kichochoroni. Ilikuwa na leseni, za nyumbani na za majimbo ya nje. Walioumia wengi hawakuwahi kukanyaga Massachusetts. Walikuwa kwao Tennessee, Michigan na Indiana, wakamwamini daktari, daktari akaiamini chupa. Sisi wahasibu tunalijua jambo hili kwa lugha yetu: hati bila ukaguzi ni karatasi. Ndiyo maana leo bodi nyingi za majimbo hazitosheki na nakala ya leseni ya nyumbani. Huitaka famasi ya nje ionyeshe pia taarifa ya ukaguzi, nani aliingia ndani, lini, na alikuta nini.

Turudi kwa shangazi. Hatukumweleza haya mapema. Tulimwambia tu, "Vumilia, tutaangalia." Yeye akaona siku zinapita na vidonge vinapungua. Kijana mmoja akamwonyesha duka la dawa kwenye intaneti, lisilouliza cheti, na bei ni nusu. Akaagiza. Kifurushi kilipofika hakikuwa na jina la famasi wala la mfamasia, na maandishi yake hakuna aliyeweza kuyasoma. Binti yake akakipeleka kwa mfamasia wa mtaani. Yule mfamasia akakigeuza, akakitazama, akasema, "Mama asiweke hiki mdomoni." Lakini wakati huo shangazi alikuwa amekaa wiki mbili bila dawa. Alianguka jikoni, akalazwa siku nne. Tunamshukuru Mungu, leo yuko nasi, amekaa meza ya pili, na ndiye aliyetuambia: "Semeni, ili mwingine asipite nilipopita."

Basi tunasema. Ukihama jimbo, usingoje kopo liishe. Iulize famasi yako siku hiyohiyo kama ina leseni ya jimbo unakokwenda. Kama haina, omba cheti chako kihamishiwe famasi iliyo nayo. Ukitaka kununua kwa intaneti, angalia mambo manne: wanadai cheti cha daktari, wana anwani na simu ndani ya Marekani, yupo mfamasia wa kuulizwa, na jina lao linaonekana kwenye orodha ya bodi ya famasi ya jimbo lako. Orodha hiyo iko wazi kwa kila mtu na haina malipo. Moja kati ya hayo likikosekana, funga ukurasa.

Sasa tufike kwenye masanduku yetu.

Tulipokuwa tukimsikitikia shangazi, gereji ya mwenzetu mmoja ilikuwa na masanduku matatu ya dawa mlizotuletea. Tulikuwa tumepanga kuyapeleka nyumbani kwa mizigo ya wasafiri. Siku ya kuyafunga tulimwomba dada yetu mmoja, ambaye ni mfamasia, aje atusaidie kuandika orodha. Alifungua sanduku la kwanza akanyamaza. Makopo mengi yalikuwa yamefunguliwa. Yalikuwa na majina ya watu tunaowajua, na kopo mojawapo lilikuwa na jina la mzee wetu tuliyemzika mwaka ule. Nyingine zilikuwa zimebakiza miezi miwili kuisha muda. Zote zilikuwa zimekaa gerejini kiangazi kizima cha Texas, ilhali dawa nyingi hutakiwa kukaa kwenye nyuzi kati ya 20 na 25.

Dada yetu akatuuliza swali moja: "Kama famasi ya Maryland hairuhusiwi kumtumia shangazi dawa nzima, iliyofungwa, yenye lebo, mpaka Texas iijue, ninyi mnawatumia wazee wa Same hizi kwa leseni ya nani?"

Hatukuwa na jibu. Akatueleza yafuatayo. Posta ya Marekani hairuhusu mtu wa kawaida kumtumia mwingine dawa za cheti. Shirika la Afya Duniani lina mwongozo wa misaada ya dawa, uliotolewa kwanza mwaka 1996. Mwongozo huo unataka dawa ya msaada ifike ikiwa na angalau mwaka mmoja wa uhai, isiwe iliyokwisha kutolewa kwa mgonjwa ikarudishwa, na iwe dawa ambayo nchi inayopokea inaihitaji na kuitumia. Tanzania nayo ina bawabu wake, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, na dawa haiingii nchini bila kibali chake.

Tunakiri mbele yenu: tulikosea. Tulipokea masanduku kabla ya kuuliza. Tuliogopa kuwaambia mapema kwa sababu mlikuwa mmejitolea kwa moyo mweupe. Miezi ikapita, na kule zahanati wagonjwa wa presha na kisukari wakaendelea kuandikiwa dawa na kuambiwa wakanunue mjini. Mzee wa miaka 70 hateremki mlima kwa bodaboda kila mwezi kutafuta vidonge. Anakaa nyumbani. Hiyo ndiyo gharama ya makosa yetu, na haimo katika taarifa ya mapato na matumizi.

Masanduku yale tuliyakabidhi siku ya kurudisha dawa, ambayo idara ya DEA huiandaa mara mbili kwa mwaka, Aprili na Oktoba. Wenye dawa zilizobaki nyumbani, zipelekeni huko. Msizitunze kwa ajili ya Same.

Sasa, tufanye nini? Njia ipo, na ilikuwepo siku zote. Zahanati ya serikali nyumbani huagiza dawa Bohari ya Dawa, MSD. Dawa isipopatikana Bohari, zahanati hununua kwa mshitiri aliyeidhinishwa wa mkoa, kwa utaratibu uitwao Jazia, ulioanza kwa majaribio Dodoma mwaka 2014 kisha ukaenea nchi nzima. Mara nyingi kinachokosekana ni fedha kwenye akaunti ya kituo siku ya kuagiza. Dawa inayonunuliwa kwa njia hiyo imesajiliwa, mhudumu wetu anaifahamu, lebo yake inasomeka, na mwezi ujao ataipata ileile. Haisafiri kwenye sanduku la nguo.

Kwa hiyo mwaka huu kamati inapendekeza mambo matatu. Kwanza, hatutakusanya tena dawa, hata kidonge kimoja. Pili, kila kaya ichangie dola 20 kwa mwezi, na fedha hizo ziingie moja kwa moja kwenye akaunti ya benki ya zahanati, si mfukoni mwa mtu, hata awe nani, hata awe mmoja wetu. Tatu, kabla ya fedha kutumwa, mganga mfawidhi na kamati ya kituo watuandikie wanachohitaji. Na baada ya kununua, watutumie picha ya ankara, risiti, na ukurasa wa leja unaoonyesha dawa imepokelewa. Karatasi hizo tutazichapisha katika kijitabu cha mwaka ujao, ili kila aliyetoa aone. Zisipofika, mtatuona tumesimama hapahapa tukieleza kwa nini, na safari hii hatutangoja kuulizwa.

Wapo watakaosema tumeongeza urasimu. Tunawakumbusha ndiva zetu. Nyumbani maji ya ndiva hayafunguliwi na kila mwenye jembe. Kuna zamu, kuna mwenye dhamana ya kufungua, na anayefungua kwa siri huulizwa na kijiji kizima. Wazee hawakuweka taratibu zile kwa kuchukia maji. Waliziweka ili maji yamfikie na yule wa shamba la mwisho. Leseni ya famasi ya jimbo, kibali cha TMDA na risiti ya mshitiri, zote zinafanya kazi hiyo: dawa imfikie mgonjwa wa mwisho ikiwa dawa kweli.

Tulilelewa kwenye msaragambo. Hakuna aliyekwenda na jembe bovu akasema nia yangu ni njema. Fomu za ahadi ziko mezani karibu na mlango, na vijana wetu watawasaidia kuzijaza. Shangazi ameomba ajaze ya kwanza. Tunaomba tumfuate.