Bawabu wa kiini na adui anayejifanya mwenyeji

Nani kati yetu hajapata kusimamishwa getini? Umefika ofisini asubuhi na shida yako, lakini kabla ya kumwona mkubwa huna budi kupita kwa bawabu. Atakuuliza watoka wapi, wamtaka nani, na una barua ya nani. Wengi wetu humdharau bawabu. Hata hivyo, nyumba isiyo na bawabu haikawii kuingiliwa.

Juma hili nazungumzia mabawabu tulio nao miilini mwetu.

Karibu kila aina ya seli ya binadamu ina kiini, na ndani ya kiini ndimo zinamohifadhiwa jeni, yaani karibu maagizo yote ya urithi. Kiini kimezungushiwa ukuta, na ukuta huo una matundu elfu kadhaa. Mwaka 1950 wataalamu H. G. Callan na S. G. Tomlin waliyaonyesha kwa darubini ya elektroni, walipochunguza mayai machanga ya wanyama wa jamii ya vyura.

Tundu moja limejengwa kwa protini za aina 30 hivi, na zikihesabiwa zote hukaribia 1,000. Huitwa nukleoporini. Baadhi ni nguzo na mihimili. Nyingine zina nyuzi laini zilizojazana mlangoni mithili ya pazia. Kitu kidogo hupenya chenyewe. Kikubwa huzuiwa, mpaka kisindikizwe na protini za uchukuzi ambazo nyuzi hizo huzitambua. Nakala za maagizo ya jeni nazo hutokea mlango huo huo, kwenda kutengeneza protini nje ya kiini.

Kwa miaka mingi ilidhaniwa kuwa kazi ya bawabu huyu inaishia hapo. Kumbe sivyo. Seli inapojigawa, ukuta wa kiini huvunjwa, na kundi moja la protini hizi huhamia kwenye kromosomu kusaidia zigawanywe sawasawa. Nyingine, kama ile iitwayo Nup98, huonekana hata mbali na mlango, zikisaidia kuamsha jeni zifanye kazi. Na mambo yakiharibika hapo, ni balaa. Mwaka 1996 iligunduliwa kwamba katika baadhi ya wagonjwa wa saratani ya damu, jeni ya Nup98 imekatika na kuungana na jeni nyingine isiyo yake.

Maadui nao wanamjua bawabu huyu. Kirusi cha polio hukatakata protini za mlangoni. Kirusi cha Uviko-19 huing'ang'ania Nup98, ili taarifa za kuamsha kinga zisifike ndani.

Lakini mjanja kuliko wote ni kirusi cha Ukimwi. Jeni zake zimo ndani ya gamba lenye umbo la pia. Zamani wengi waliamini kuwa gamba hilo ni nene mno, na lazima livunjike nje ya mlango. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha magamba mazima yakiwa ndani ya matundu. Mwaka 2024 ikaelezwa sababu: gamba huiga tabia za protini za uchukuzi, nazo nyuzi za mlangoni hulipokea kama mwenyeji. Likishapita, jeni za kirusi huchomekwa katikati ya jeni zetu. Ndiyo maana mgonjwa hulazimika kumeza dawa maisha yake yote.

Ndugu msikilizaji, elimu ya gamba hilo imezaa dawa. Inaitwa lenacapavir. Hujibanza kwenye gamba mahali pale pale panaposhikwa na bawabu aitwaye Nup153, na hivyo kuivuruga safari ya kirusi. Hudungwa sindano mara mbili tu kwa mwaka. Katika majaribio yaliyofanyika Uganda na Afrika Kusini, ambayo matokeo yake yalitangazwa mwaka 2024, wasichana na wanawake vijana 2,134 walipewa sindano hiyo kujikinga. Hakuna hata mmoja aliyeambukizwa.

Hapa ndipo tunapokutana na geti jingine, nalo ni bei. Marekani ilipoiidhinisha dawa hii kwa kinga mwaka 2025, bei yake huko ilitajwa kuwa zaidi ya dola 28,000 kwa mtu mmoja kwa mwaka. Mwaka huo huo yakatangazwa makubaliano ya kutengeneza dawa mfano wake kwa dola 40 hivi kwa mwaka kuanzia 2027, kwa ajili ya nchi 120 zenye kipato cha chini na cha kati.

Hiyo ni habari njema. Lakini ahadi ni deni, na sindano iliyo ghalani haimkingi mtu. Mabinti wa Afrika ndio waliojitolea miili yao ili dunia ijue kwamba dawa inafaa. Itakuwa aibu kubwa ikiwa dada zao watafika zahanati na kuambiwa warudi kesho. Bawabu wa kiini hutazama kinachopita, hatazami mfuko. Na mabawabu wa dawa zetu wafanye vivyo hivyo.

Hadi juma lijalo, kwaherini.