Ukoo Hautoshi: Mhadhara juu ya Walezi wa Watoto Wenye Usonji



Ilikuwa nia yangu kuhutubu juu ya mitaala, lau si msomi mmoja mashuhuri, ambaye heshima yangu kwake yanizuia kumtaja, kusimama katika kongamano na kunena, huku akipigiwa makofi, kwamba familia ya Kiafrika haina haja ya vituo wala posho kwa ajili ya mtoto mwenye usonji, kwa kuwa ukoo, uliolea watoto wa kila namna tangu kale, watosha. Naye akaifunga hoja yake kwa methali isemayo mkono mmoja haulei mwana. Maneno hayo ni matamu, na utamu wake ndio hatari yake, maana mwenye madaraka ya kugawa fedha hufurahi mno kuambiwa kwamba kazi yake imekwisha kufanywa bure na nyanya zetu vijijini.

Historia ya elimu maalumu nchini Kenya nitaipita mbio, kwani wengi wenu mwaijua. Thika ina shule ya wasioona tangu 1946, na Joytown, ya wenye ulemavu wa viungo, tangu 1962. Vituo vya serikali vya kuwapima watoto wenye ulemavu vilianza 1984, na KISE, chuo cha elimu maalumu pale Kasarani, kikaasisiwa 1986. Bali darasa la watoto wenye usonji katika shule ya msingi ya City, Ngara, lilingoja hadi 2003, na hata hapo ni wazazi wenyewe waliolipigania. Ama dai kwamba usonji ni jambo la Wazungu, hilo silijibu, kwa sababu mtafiti Victor Lotter alichapisha mwaka 1978 habari za watoto wa namna hii aliowakuta katika miji ya nchi 6 za Afrika, Kenya ikiwamo.

Turudi kwenye ukoo. Katika maandiko yote ya fani hii hakuna niliyoyasoma na kuyarudia kama uchunguzi wa Joseph Gona na wenzake katika pwani ya Kenya, uliochapishwa 2015 na 2016. Waliketi na watu 103, wazazi, walimu wa elimu maalumu, matabibu na maofisa wa ustawi wa jamii, wakawauliza usonji watoka wapi na hutibiwaje. Wakajibiwa pepo, uchawi na laana, na papo hapo wakajibiwa maambukizi, matatizo ya uzazi na urithi, kwani mzazi yule yule aendaye hospitali asubuhi aweza kwenda kwa mganga jioni. Sasa, kama pana mahali ukoo ungetosha, basi ni kule ambako wengi wangali wakiishi boma moja na babu zao. Nao wazazi wale, bila kujali dini wala kabila, walilalamikia unyanyapaa, gharama, na uzito wa ulezi. Tena laana haitafutwi kwa mgeni; hutafutwa katika nasaba, na aghalabu nasaba ya mke. Ukoo huo huo tunaoambiwa ni kimbilio ndio unaokaa barazani kumhukumu mama. Na walipotaja yaliyowafariji, pamoja na sala na uangalifu wa chakula, walitaja jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha mas'ala yote: mtu mwingine kumpokea mlezi mtoto kwa muda, ili apumzike.

Hapa Kamakis, Ruiru, ambapo barabara ya mchepuko wa mashariki yakutana na ile ya Thika, na ambapo wageni wajua nyama choma tu, majumba ya kupanga yamejaa watu waliotoka kwao. Jirani yangu mmoja ni muuza mitumba. Mwanawe hasemi, ila hupanga vizibo vya soda dirishani kwa rangi zake. Mama huyo huoga huku akiimba kwa sauti, kwani akinyamaza tu, mtoto huanza kuupiga mlango kwa paji la uso. Ukoo wake uko Busia, na hapa umo katika simu ya mkononi. Mpango wa serikali kwa wenye ulemavu mkubwa hutoa shilingi 2,000 kwa mwezi, nazo hazimweki yaya hata nusu ya mwezi huo. Na Sensa ya 2019 iliwahesabu wenye ualbino kwa jina, bali usonji haikuuliza.

Methali ya msomi yule yataja mikono, damu haikuitaja. Wanawake wa jengo anamoishi jirani yangu huyo, waliozoea kuchanga fedha katika chama, walianza kuchanga na saa: kila Jumamosi alasiri mmoja wao humpokea mtoto.

Nitasema kwa insafu. Vyama huvunjika, kodi ikipanda wapangaji huhama, jirani si mtaalamu, na mtoto akichopoka mlangoni barabara kuu iko karibu. Chama hakiwi badala ya tabibu wala mwalimu. Hoja hizi nimezipima, nami sikuyumba. Kwa maana mafunzo ya Shirika la Afya Duniani kwa walezi, yaliyojaribiwa Kenya na Ethiopia, ni vikao 9 vya pamoja na ziara 3 za nyumbani, na huweza kuongozwa na wasio mabingwa. Basi kaunti na itoe chumba katika kila wadi ya Ruiru, na mafunzo hayo yaanzie kwa vyama vya majengo. Na atakayenijibu kwamba chama si taasisi, namwomba anioneshe taasisi nyingine iliyo wazi Jumamosi alasiri.