NYUMBA YA KUPANGISHA: HESABU KWANZA, TOFALI BAADAYE

(Hotuba kwa wanachama wa tawi)



Nimeombwa kusema juu ya nyumba za kupangisha. Wako watakaouliza, je, jambo hili lahusu chama? Lahusu sana. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliwakataza viongozi kupangisha nyumba. Mwaka 1971 Serikali ilichukua majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Mwaka 1991, kule Zanzibar, chama kililegeza masharti hayo. Leo mwananchi, awe kiongozi au mwanachama wa kawaida, aweza kupangisha. Lakini ruhusa si kibali cha kunyonya, wala si kinga ya kufilisika. Haya mawili ndiyo nitakayoyasema.

Kwanza, fedha. Twaijua sote nyumba yetu ya Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, ua nyuma. Tuseme mwenyewe analala chumba kimoja, anapangisha vitano kwa shilingi 50,000 kila kimoja. Kwa mwezi ni 250,000. Wengi huzidisha kwa miezi 12, wakapata 3,000,000, wakakimbilia kukopa. Hiyo si hesabu. Mpangaji huhama, mwingine huchelewa kulipa. Hesabu miezi 10, yaani 2,500,000. Toa 500,000 za bati, rangi, choo na kodi za Serikali. Zimebaki 2,000,000.

Sasa tuseme umekopa 10,000,000 kwa riba ya 17 kwa mia kwa mwaka. Mwaka wa kwanza riba peke yake ni 1,700,000. Deni lenyewe limepungua kwa 300,000 tu. Ukilipa hivyo kila mwaka utamaliza baada ya miaka 12 na zaidi. Lakini kama ulikwisha kuweka akiba, ukakopa 5,000,000 tu, riba ya mwaka wa kwanza ni 850,000, na deni linapungua kwa 1,150,000. Katika mwaka wa nne umemaliza. Ndugu zangu, deni likizidi mara mbili, muda wa kulipa umezidi mara tatu. Kwa hiyo anzeni na akiba katika chama cha akiba na mikopo. Jengeni vyumba viwili, vipangisheni, kisha endeleeni.

Tena, msiweke rehani nyumba ya familia kwa siri. Sheria yetu ya Ardhi yataka mwenzi wa ndoa akubali. Na hata kama sheria ingenyamaza, mama wa nyumba ana haki ya kujua kama paa lililo juu ya watoto wake limewekwa mkononi mwa benki.

Jambo la pili ni mpangaji. Iko desturi ya kudai kodi ya miezi sita au ya mwaka mzima kwa mkupuo. Kijana aliyeanza kazi juzi atazipata wapi? Huenda kukopa kwa riba kubwa kabla hajapata pa kulala. Na mwenye nyumba naye hudanganyika: apokea fedha za mwaka Januari, azila kwa miezi miwili, na paa likivuja Aprili hana kitu. Fedha iliyolipwa mbele bado si yako. Unaifanyia kazi mwezi kwa mwezi. Pokea ya mwezi au ya miezi mitatu, na kila upokeapo tenga fungu la matengenezo. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kodi ya jengo ilipoanza kukatwa kwenye umeme wa LUKU mwaka 2021, wapangaji wengi walijikuta wakilipa kodi isiyo yao. Kodi ile ni ya mwenye nyumba. Mpangaji akiilipa, mrudishie, au ipunguze katika pango. Anayenyamaza na kuifurahia anatumia mrija ule ule tulioupiga vita.

Mwisho, andikeni mkataba: kiasi cha kodi, siku ya kulipa, nani atengeneze nini, na muda wa taarifa kabla ya kuhama au kuhamishwa. Toeni stakabadhi kila mara. Maneno ya mlangoni hayana ushahidi, na ndiyo yanayoleta ugomvi mbele ya balozi na mahakamani.

Ndugu zangu, tazameni tena hesabu ile. Shilingi zote 2,000,000 zinazolipa deni zinatoka mfukoni mwa wapangaji watano. Wao ndio wanaokujengea. Mwenye nyumba anayewaheshimu hulinda mali yake mwenyewe, na anayewanyanyasa atabaki na vyumba vitupu na barua za benki.