Visu vya Nakshi kwenye Msumeno wa Meza



Leo twataka kusema juu ya visu vya nakshi, vile vinavyofungwa mahali pa msumeno wa meza ili kuchonga mbao za urembo za dari na fremu za milango. Mara nyingi huwa ni visu 3 katika kichwa kimoja cha chuma. Kazi yake ni nzuri, lakini hatari yake ni kubwa, kwa kuwa kinga ya kawaida ya msumeno huondolewa.

Basi tushike haya. Kwanza, tukate stima kabisa kabla ya kugusa kisu, kisha tukaze kila skrubu. Kisu kilicholegea huruka kama risasi. Pili, tusichonge kina chote mara moja. Tupitishe ubao mara kadhaa, tukiinua visu kidogo kidogo. Tatu, tusichonge ubao mwembamba. Tuchonge ukingo wa ubao mpana, kisha turudishe msumeno na kupasua ukanda wenyewe. Nne, tusukume kwa kijiti, si kwa vidole.

Wakubwa wengine husema, “Ajali haina kinga.” Hatukubali. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yasema mfanyakazi akiona hatari kubwa amwarifu msimamizi wake, na mwenye kazi asimrudishe hapo hatari ikiwa ingalipo. Ndugu, mmoja akisema peke yake aweza kupuuzwa. Tukisema sote tutasikiwa. Kidole kikikatika hakioti tena.